Jina la Katikati

S.L.P. 386,
Tukuyu, Rungwe.
Jumatano, 14 Mei 2025.

Mpendwa Shangazi Esnath,

Shikamoo Shangazi. Nakusalimu kutoka kwenye ukungu wa huku kwetu, ambao tangu asubuhi haujaamua kama ni ukungu au ni mvua. Masikio yako yanaendeleaje? Yale matone uliyopewa yamesaidia, au bado watoto wa jirani wanakupigia kelele dirishani ndipo ugeuke? Na magoti je? Korogwe kuna joto, labda yenyewe yanafurahi. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa vizuri na chai iko karibu, maana ni ndefu na mwandishi wake hatulii.

Sisi ni wazima. Baba, kaka yako, anakohoa kidogo kwa baridi lakini shambani anakwenda, hakatazwi. Ikuti yote imelowa. Mimi leo nimeshinda hapa Kisondela kwa wakwe zangu, ninakoishi tangu harusi, maana lori la parachichi halikuja na kituo ninakopimia kimefungwa. Nakuandikia jikoni kwa mama mkwe, karatasi iko juu ya ungo uliogeuzwa. Upande wa pili wa ukuta Mzee, baba mkwe wangu, anachonga mpini wa jembe. Namsikia, simwoni, kama inavyotakiwa.

Shangazi, mimi ni mke wa mtu! Miezi mitano sasa, na bado nikiitwa mama Mwakatobe nageuka kuangalia nani anaitwa. Nawaza hata jina la ukoo lina ladha.

Lugano hajambo, anakusalimu kutoka Ulaya. Kila siku kabla hajaingia kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi, ananitumia sauti yake. Ananieleza amevaa nini, basi limechelewa dakika ngapi, bibi gani amekataa uji. Hayo tu, na mimi nayasikiliza mara nne. Mwezi uliopita alinunua kikombe cha pili. Kimoja chake, kimoja changu, na changu hakigusi hata chake kikiwa kichafu. Niambie, Shangazi, mtu kama huyo nitaacha kumpenda vipi?

Mwili wangu hauna neno, ila moyo haukai. Jana kituoni nilipima kreti moja ya parachichi mara tatu na mara zote nikaandika uzito tofauti, mpaka mkulima mmoja wa Kisiba akasema, "Binti, parachichi halinenepi likiwa juu ya mzani." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikatoka nje kuvuta pumzi. Nyumbani nimeunguza maharage mara mbili wiki hii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui ninakwenda wapi. Sasa nikuambie sababu.

Tarehe 28 Aprili nilikwenda Dar, ubalozini, kwenye usaili. Ili niruhusiwe kumfuata Lugano lazima waridhike kwamba ndoa yetu ni ya kweli, kwamba hatukuoana kwa ajili ya kupata njia ya kwenda Ulaya. Wapo wanaofanya hivyo, siwalaumu kwa kuuliza. Nilikwenda nikiwa na furaha, Shangazi, nimesuka nywele, nimevaa lile gauni la njano. Nilijua nikianza tu kumsema Lugano wataona wenyewe.

Wenzangu kwenye benchi walikuwa na mafaili mazito kama matofali. Mikataba ya nyumba, akaunti ya pamoja, bili za umeme zenye majina mawili. Mimi na Lugano tangu harusi tumeishi pamoja siku ishirini na sita, tena kwenye chumba cha nyumba ya wazazi wake. Bili tungeitoa wapi? Nilikuwa na cheti cha ndoa, cheti changu cha lugha yao, picha thelathini na moja za harusi alizopiga Twalib wa studio, na risiti ya godoro. Ndiyo, la tano kwa sita. Muuza duka aliandika "Bwana na Bibi Mwakatobe" kwa kututania, siku tatu baada ya harusi. Nilipoiweka mezani masikio yaliniwaka, lakini ndiyo karatasi pekee ya dukani yenye sisi wawili.

Ujumbe wetu wa simu wa miaka miwili haupo. Ulikuwa kwenye ile simu yangu iliyoanguka Mto Kiwira pale Daraja la Mungu, Lugano akinipiga picha, mimi nikimwambia asogee nyuma kidogo. Alisogea, akateleza, yeye akadaka mti na simu ikaenda na maji. Siku ile tulicheka mpaka tukakaa chini. Na yeye simu yake aliyoondoka nayo aliifuta yote akampa mwenzake wa kazini, hakujua kama kuna siku tutaulizwa.

Aliyenisaili ni mama wa makamo, Mtanzania, mpole. Aliniuliza tulivyokutana. Najua umechoka na habari ya vikonyo, lakini niliieleza yote: jinsi Lugano alivyokuja likizo akaleta parachichi za mama yake kituoni, nikazikataa kreti mbili kwa sababu zilichumwa kwa kunyofolewa bila vikonyo. Jinsi alivyobishana na mimi mbele ya watu. Jinsi alivyorudi kesho yake na kreti mbili nyingine, kila tunda na kikonyo chake kama limechorwa, akasema, "Kagua moja moja, sina haraka." Nilizikagua moja moja, Shangazi, na mimi sikuwa na haraka. Yule mama aliandika neno moja. Neno moja, kwa mapenzi yote yale!

Kisha akasema, "Nitajie majina matatu ya mume wako."

Nikasema, "Lugano Mwakatobe."

"Hayo ni mawili."

Nikanyamaza. Jina la katikati la Lugano ni jina la baba yake.

Wewe unajua nilinyamaza kwa nini kuliko mtu yeyote, maana wewe ndiye uliyenifunda. Zile siku tatu kabla ya harusi, jikoni kwetu Ikuti, ulinifunga kanga kichwani ukaniambia: mkwe mwanamume hatazamwi, hapewi mkono, hatajwi jina. Ukimwona njiani, toka njiani. Jina la ukoo sawa, hilo ni la watu wengi, lile lake usilitie mdomoni. Wasichana wenzangu wengi wameyaacha hayo, wanakaa na wakwe zao meza moja na kubishana mpira. Mimi niliyashika. Nyumba ya Lugano bado wanayashika, na nilitaka niwe zawadi nzuri kwenye nyumba hiyo.

Yule mama akauliza, "Jina la baba yake hulijui?"

"Nalijua."

"Basi sema."

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hulijui?"

"Ni mkwe wangu."

"Ndiyo, ni mkwe wako. Anaitwa nani?"

Nikainamisha kichwa, nikavuta mtandio usoni kama vile Mzee amesimama mlangoni pale. Akasubiri. Akachukua picha akazitandaza. Akaniuliza mkwe wangu yuko kwenye zipi, nikamwonyesha nne. Akaniuliza, "Na wewe uko wapi kwenye hizi nne?"

Nikamwambia ukweli. "Niko nyuma ya nyumba."

Akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali, afadhali angekuwa mkali. Utaniuliza mbona sikueleza mila yetu. Nilieleza, Shangazi, lakini nilieleza huku nalia, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyosikika kama mtu anayetunga. Mke asiyejua majina ya mume wake, asiye na picha hata moja na baba mkwe, mwenye risiti ya godoro! Hata mimi ningetilia shaka.

Wamenipa nafasi ya pili, Jumatatu tarehe 26 Mei, niende na ushahidi zaidi. Wasiporidhika safari hiyo ombi linafungwa. Lugano hana likizo mpaka mwisho wa mwaka ujao. Fikiria, siku ishirini na sita za ndoa, halafu miaka miwili ya kusikiliza basi limechelewa dakika ngapi.

Niliporudi nilimweleza mama mkwe. Mama Elina alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama.

"Walitaka umtaje? Wewe?"

"Ndiyo mama."

"Na hukumtaja?"

"Sikumtaja."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye utomvu. "Lugano, umeoa, mwanangu, umeoa!" akasema, kana kwamba Lugano yuko pale jikoni. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia. "Sasa itakuwaje?"

Mzee alikuwa upande wa pili wa ukuta, hapo hapo alipo leo. Unajua hasemi na mimi, anasema na mkewe na mimi nasikia.

"Elina! Mwambie mkamwana wako asilie."

"Amesikia."

"Muulize hao watu wanataka nini."

"Wanataka jina lako, na picha yako wewe na yeye."

"Jina langu limewakosea nini?"

Hakusema tena siku ile wala wiki nzima iliyofuata. Wiki hiyo sitaisahau. Kila nikisikia hatua zake nahisi nimemletea aibu nyumbani kwake. Nilifikiria kumwambia Lugano tuache. Niliandika ujumbe huo mara mbili nikaufuta mara mbili, kwa sababu ya kile kikombe.

Ijumaa Mzee akatuma mtu Ikuti kumwita baba. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wakakaa uwanjani, Mzee, baba na wazee wawili wa ukoo, na mimi ndani nyuma ya mlango ulioachwa wazi. Mzee akasema hivi, nayaandika kama nilivyoyasikia:

"Andrea, binti yako ameniheshimu kupita watoto niliowazaa. Sasa heshima hiyo imekuwa komeo kwenye mlango wa mume wake. Jina ni langu, sikuliomba kwa mtu. Namwazima. Alichukue, akaliseme kule linakotakiwa, akirudi atanirudishia."

Baba akauliza, "Na asiporudi haraka?"

"Basi alitunze vizuri. Asimwazime mtu mwingine."

Wakacheka wote. Akampa baba jogoo mwekundu awe alama ya maneno hayo, ndivyo yeye alivyoamua, akasema hakuna anayejua zaidi yake jinsi ya kutoa kilicho chake. Kisha akasema, "Mwambieni ajaribu sasa hivi, tusikie."

Nikafungua mdomo. Shangazi, halikutoka. Mara tatu. Mama Elina akanishika mgongo, nikajaribu tena, kilichotoka ni "Baba", na hilo nalo lilitetemeka.

Nikamsikia Mzee anacheka taratibu. "Mwacheni," akasema. "Nalo ni jina."

Jumatatu Twalib akaja na bodaboda kutoka mjini kwa ajili ya picha. Unamkumbuka siku ya harusi alivyokuwa akipiga kelele kwamba bibi harusi anamkimbia kila akipanga watu. Safari hii alijiona amepata kisasi chake. "Mzee, tazama huku. Huku, siyo kwenye migomba! Na wewe bi harusi, shusha kanga, wanataka uso, kanga wameshaziona!" Mama Elina anatuelekeza, jirani wanachungulia, mimi jasho linanitoka kwenye baridi ile. Nilisimama karibu na kiti cha Mzee na sikuwahi kuwa karibu naye hivyo. Ana kovu dogo kwenye sikio. Lugano hajawahi kuniambia.

Picha imetoka. Mzee anatazama migomba, mimi natazama viatu vyangu, na katikati yetu angepita ng'ombe. Twalib anasema ni picha mbaya kuliko zote alizopiga maishani na hataki muhuri wa studio yake nyuma yake. Mimi naiona nzuri mno. Nilimtumia Lugano. Baadaye akaniambia alijifungia chooni kazini akalia.

Sasa ombi langu la kwanza, Shangazi. Zile barua zangu ulizokuwa ukizitunza kwenye kopo la biskuti, bado unazo? Maana kwa sababu ya masikio yako mimi na wewe tumeandikiana wakati wenzetu wote wanapigiana simu, na leo namshukuru Mungu kwa masikio hayo, unisamehe. Nilikuandikia habari za Lugano tangu mwaka 2022, na bahasha zina muhuri wa posta wenye tarehe. Tafuta hasa ile ya Agosti 2023, ambayo Lugano mwenyewe aliongeza mistari miwili chini ya kukusalimu, nawe ukaniuliza ni mwandiko wa daktari gani huo. Hakuna atakayesema hiyo niliitunga kwa ajili ya viza. Mpe kondakta wa basi la Dar, zifike kabla ya Ijumaa tarehe 23. Lusungu, binti wa mama mdogo, atazipokea stendi, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha hii.

Ongeza na karatasi moja yako. Eleza ulivyonifunda, kwa maneno yako, pamoja na sahihi yako. Wewe ukieleza hutalia.

La pili ni gumu. Mzee ameniazima jina, lakini kanga ile ulinifunga wewe. Nataka na wewe uniruhusu. Sidhani nitapata laana, naona tu kwamba nikilisema kirahisi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, basi miezi mitano hii nilikuwa nacheza. Kule kujificha nyuma ya nyumba kulikuwa namna yangu ya kumpenda Lugano wakati hayupo. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku, hata siku ambazo sauti yake haikuja. Sasa naambiwa kitu hicho hicho ndicho kinachoonyesha simpendi. Unaona kwa nini maharage yanaungua?

Nimejaribu kulisema peke yangu njiani, kwenye mashamba ya chai, hakuna mtu. Nimejaribu mbele ya kioo. Nimejaribu kulipitisha haraka katikati ya majina mengine kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nikifika hapo mdomo unafunga wenyewe. Zimebaki siku kumi na mbili. Je, nikikaa tena mbele ya yule mama nikanyamaza? Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Usihangaike na simu, hutanisikia. Mtumie Lusungu neno moja tu, ataniambia.

Mambo mengine ni ya kawaida. Migomba miwili ya mama Elina imeanguka kwa upepo. Baba ameapa kutomchinja yule jogoo na sasa jogoo anajua, anaingia mpaka sebuleni.

Nisalimie Mama Rehana jirani yako na watoto wake wenye sauti kubwa, Mungu awazidishie sauti. Huku wanakusalimu baba, na mama Elina anayesema akikuona atakubeba mgongoni kwa jinsi ulivyonilea. Twalib anakusalimu pia. Na anakusalimu sana mkwe wangu.

Subiri, Shangazi.

Nimetoka nje, nimezunguka nyumba, nimerudi. Kalamu hii hapa.

Anakusalimu sana mkwe wangu, Mzee Abrahamu Mwakatobe.

Nimeliandika. Mwandiko umepinda, nisamehe, lakini lipo, na paa halijaanguka. Nimelitazama mpaka wino umekauka. Halafu, sijui nilipata wapi nguvu, nimelisoma kwa sauti, taratibu, kama unavyosoma jina la mtu unayemheshimu.

Mpini ukaacha kuchongwa. Upande wa pili wa ukuta, bila kumpitia mama Elina, bila kumpitia mtu yeyote, Mzee akaitika, "Naam."

Machozi yanaharibu karatasi. Mungu akulinde, akupe usingizi mtamu na magoti ya msichana, na siku moja aniweke meza moja na wewe na Lugano, vikombe vitatu.

Ni mimi binti yako anayekupenda na kukusumbua,

Tupokigwe,
mke wa Lugano Abrahamu Mwakatobe.